Hana, Hannah, Anna au Neema? Naombeni ushauri wakuu

Baba Kijacho wa Tabata
Wakuu habari za jioni. Mke wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto wa kike. Tumemsubiri miaka sita, kwa hiyo mama mkwe ameshatoa jina: Hana, yule wa 1 Samweli aliyeomba kule Shilo mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. Mke wangu amekubali ila anataka liandikwe Hannah. Mimi moyoni nina Anna au Neema. Mnaonaje?

Rangi Tatu
Ndugu yangu, Biblia yenyewe imeshakutahadharisha. Penina ana watoto, Hana hana 😂
Binamu yangu alipewa hilo jina. Shuleni mwalimu akiita "Hana!" darasa zima linaitikia "hana niniii?" Alipofika sekondari akaanza kujitambulisha kwa jina la ubatizo la shangazi yake.

Mzee wa Kurasini
Utani pembeni. Kiebrania ni Channah, na ile sauti ya mwanzo inatokea kooni, kama H ya Hassan kwa aliyepita madrasa. Maana yake neema, upendeleo. Mzizi huohuo umo ndani ya Yohana, yaani Mungu amefadhili. Jina lilipoingia kwa Wagiriki na Warumi ile H ikadondoka, likabaki Anna. Kwa hiyo hayo matatu ni mtu mmoja kabadili gauni, na Neema ni tafsiri yake. Kijana unalinganisha kanga za doti moja.

Mama Ilham
Na sisi Waislamu tunaye. Qur'ani haikumtaja jina mama yake Maryam, imesema mke wa Imrani tu (sura ya 3), lakini wafasiri wanamwita Hanna. Wakristo nao katika mapokeo yao bibi yake Yesu ni Anna, sikukuu yake 26 Julai. Ila msichanganye na Hanaa ya Kiarabu, ile ni raha na furaha, mzizi mwingine kabisa. Ndugu yake halisi ni Hanan, upole na huruma. Zuri hilo, fikiria.

Neema wa Nne
Jina langu la humu linajieleza. Darasani tulikuwa Neema mrefu, Neema mweupe, Neema wa mwalimu, na mimi. Ukiita Neema kwenye daladala ya Gongo la Mboto wanageuka watatu na konda. Silichukii, lakini usitegemee atakuwa peke yake.

Kiboko ya Fomu
Kuhusu Hannah: hiyo H ya mwisho itawatesa. Yangu sio Hannah lakini nalo lina herufi isiyosikika. Cheti cha kuzaliwa kikaandikwa hivi, cha kidato cha nne vile, nikaishia kwa wakili kula kiapo kwamba watu wale wawili ni mimi. Karani anaandika anachosikia. Na kikisomwa kwa sauti ni hana ileile, hujakwepa kitu.

Mzee wa Kurasini
Kama ni umaarufu, Hannah ilivuma sana Marekani, 1998 hadi 2000 ilikuwa jina la pili kwa watoto wa kike. Kwetu Anna ndiyo yenye heshima zake: Anna Makinda, mwanamke wa kwanza kuwa Spika wa Bunge letu, 2010 hadi 2015. Anna Tibaijuka aliongoza Shirika la Makazi la Umoja wa Mataifa. Marehemu Anna Mghwira, mwanamke pekee aliyegombea urais 2015. Hayo si majina ya kukaa kimya.

Rangi Tatu
Mleta mada, swali dogo. Wewe mwenyewe unaitwa nani? Maana jina lako ndilo litafuata.

Baba Kijacho wa Tabata
Baraka.

Rangi Tatu
HANA BARAKA???? 😂😂😂 Mkuu mwamshe mama mkwe sasa hivi

Neema wa Nne
Jamani nimecheka mpaka mtoto kaamka. Miaka sita mmeomba, halafu mkaandike Hana Baraka.

Kiboko ya Fomu
Fungueni Luka 2:36. Yule nabii mjane aliyekuwa hatoki hekaluni, binti Fanueli. Biblia ya Kiswahili imemwandika Ana, N moja. Jina lilelile, H imetoka. Ana Baraka.

Mama Ilham
Mashallah. Funga mjadala.

Baba Kijacho wa Tabata
Nimempigia mama mkwe. Kacheka kwanza, halafu kasema yule wa Luka ni bibi wa miaka themanini na ushee, yeye aliomba kwa jina la Hana wa Shilo na nadhiri ni nadhiri. Mke wangu yuko upande wa Ana. Kesho jioni tunakwenda Kimara kukaa naye, nitawaletea mrejesho.