MJADALA: Klabu nzima ya pikipiki ipigwe marufuku, au wahukumiwe wahalifu wake tu?

Wadau, nauleta huu tuujadili kwa hoja. Mwaka 2019 mahakama ya Uholanzi iliipiga marufuku klabu ya pikipiki ya Hells Angels nchi nzima. Wanaowatetea wanasema mwenye kosa ashitakiwe, klabu iachwe, kwani asili yake ni askari wa Marekani waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili wakatafuta udugu kwenye pikipiki.

Asili hiyo sibishani nayo sana. Julai 1947 waendesha pikipiki wapatao 4,000 walifurika mji mdogo wa Hollister, California. Walilewa, wakapigana, wakashindana mbio mitaani. Jarida la Life likatoa picha ya jamaa juu ya pikipiki, chupa za bia zimetapakaa chini, na Marekani ikaingiwa na hofu. Nakubali, hofu ile ilitiwa chumvi. Hells Angels wakaanzishwa mwaka uliofuata, California hukohuko. Lakini baadaye klabu za aina hii zilijishonea nembo ya “1%”: asilimia 99 ni raia wema, wao ndio ile moja iliyobaki. Hilo hawakusingiziwa na gazeti.

Nembo ya klabu haivaliwi hivi hivi. Mgeni hutumikishwa kwanza, kisha wenyewe humpigia kura, akiondoka anairudisha. Huko Ontario, Kanada, wanachama wawili wa Hells Angels walikwenda kudai dola 75,000 kwa mfanyabiashara wakiwa na majaketi ya klabu mwilini. Mwaka 2005 jaji akaona majaketi yale yalikuwa sehemu ya vitisho, akatamka kwamba klabu yenyewe ni kundi la uhalifu. Pale mlangoni walisimama wawili, ila aliyeogopewa ni klabu nzima.

Quebec, Kanada hiyohiyo, ndiko kunakoniuma zaidi. Vita vya Hells Angels na klabu hasimu ya Rock Machine viliua watu zaidi ya 150, akiwemo mtoto wa miaka 11, aliyepigwa na kipande cha gari lililolipuliwa Montreal mwaka 1995.

Na udugu unapatikana bila haya. Oakland, mwaka 1959, vijana Weusi walianzisha klabu ya East Bay Dragons, wakaendesha pikipiki zilezile za Harley bila kujitangaza kuwa nje ya sheria.

Queensland, Australia, mwaka 2013 walipitiliza: wanachama watatu wa klabu hizi kukutana hadharani likawa kosa la jinai. Hilo siliungi mkono. Uholanzi walipeleka ushahidi mahakamani, klabu ikajitetea, ndipo ikahukumiwa.

Mnaopinga, nijibuni hapa: yule mfanyabiashara wa Ontario mngemlinda vipi kabla mlango haujagongwa?