Hewa, kaboni dayoksaidi, maji au kifuniko: tununue kipi kwa kolonoskopi (kipimo cha utumbo mpana kwa kamera)?

Mtunza_Kamera: Wakuu, fungu la mwaka huu linatosha kitu kimoja: mashine ya kaboni dayoksaidi, pampu ya maji, au boksi la vifuniko vya ncha ya kamera. Sasa tunatanua utumbo kwa hewa ya kawaida. Tunapima saratani kwa watu wasio na dalili. Mnashauri kipi?

Sista_Endo: Hujasema wanapewa dawa ya kutuliza au wako macho. Na tumbo wanalisafisha kwa dawa gani?

Mtunza_Kamera: Wengi wako macho, sista. Kusafisha ni manitoli, aina ya sukari ya kuharishia, bei yake nafuu.

Dokta_Matumbo: Manitoli? Hapo ndipo pa kuanzia. Bakteria wa utumbo wanaichachusha na kutoa haidrojeni. Jaza hewa yenye oksijeni, washa umeme kukata polipu (kinyama kwenye ukuta wa utumbo), gesi inaweza kulipuka na kupasua utumbo. Kaboni dayoksaidi inapunguza oksijeni humo ndani, ila suluhisho hasa ni kuhamia PEG (polyethylene glycol), dawa nyingine ya kusafisha tumbo: nusu jioni, nusu ya pili ianze masaa 4 hadi 6 kabla ya kipimo, imalizike masaa 2 kabla.

Sista_Endo: Naunga mkono PEG. Ila kwa aliye macho, chukueni maji. Zima hewa, ingiza maji ya nyuzi 37, na uyafyonze machafu wakati wa kuingiza kamera, usisubiri kuitoa. Utumbo hautanuki, maumivu yanapungua, upande wa kulia unabaki safi. Wengi wanakosea kufyonza ncha ikiwa imegusa ukuta: utando unanasa tunduni. Vuta nyuma kidogo kwanza.

Dokta_Matumbo: Wakati wa kutoa kamera bado utahitaji gesi, sista. Kaboni dayoksaidi inafyonzwa haraka na kutoka kwa pumzi, mgonjwa haondoki na tumbo limejaa.

Kofia_4mm: Na mikunjo ya utumbo je? Kifuniko kinachotokeza milimita 2 hadi 4 kinailaza, adenoma (polipu inayoweza kugeuka saratani) ya nyuma yake inaonekana. Bei ndogo.

Dokta_Matumbo: Hakimsaidii anayetoa kamera mbio. Mwongozo wa Marekani wa 2024 unataka wastani wa dakika 8 za kutoka pale ambapo hakuna polipu ya kukata.

Sista_Endo: Dakika 8 na foleni ile, dokta? Maji nayo yanachelewesha kamera kufika sikamu, mwanzo wa utumbo mpana.

Kofia_4mm: Basi mbona wote wanaanzia kwenye kamera? Pimeni kwanza damu iliyofichika kwenye choo kila mwaka, kamera ibaki kwa watakaoonekana nayo.

Mtunza_Kamera: Hicho kipimo hatuna. Na pampu inataka maji gani, ya bomba yanafaa?

Sista_Endo: Hapana! Yaliyouliwa vijidudu tu. Chupa zenu mnazibadilisha kila siku?