Wakuu, E87.1 (msimbo wa ICD-10, orodha ya kimataifa ya magonjwa, wa sodiamu ya chini kwenye damu) inatosha kuhesabu wagonjwa wenye sodiamu ya chini?

Tasnifu_Inanikaba: Wakuu, habari za jioni. Nafanya uzamili; nataka kujua wazee wanaotumia dawa za presha za kukojosha, wangapi hulazwa sodiamu ikiwa imeshuka. Nimepewa madai ya bima ya miaka mitatu, nikapanga nihesabu kila mwenye E87.1 nimalize kabla ya Desemba. Sasa waliolazwa ni maelfu, wenye E87.1 ni 9. Tisa! Ndiyo hali halisi?

DaktariWaZamu: Hao 9 huenda ni wa kweli, mkuu. Shida ni wale ambao hatukuwaandika. Juzi nilipokea bibi amechanganyikiwa, sodiamu 118. Kwenye fomu nikajaza nimonia na presha, J18.9 na I10, nikaitwa kitanda cha pili. Ile 118 imebaki kwenye karatasi ya maabara.

KaraniWaMadai: Nasi tunaingiza kilichoandikwa, majibu ya maabara hatuyafungui. Halafu E87.7 ni maji kuzidi mwilini. Tofautisha 1 na 7 kwenye mwandiko wa daktari kama unaweza 😂

MzeeWaTakwimu: Kanada, jimbo la Ontario, waliwahi kulinganisha msimbo huo na vipimo vya wazee, wakachapisha 2012. Asiye na tatizo ni nadra kuandikiwa, lakini wenye tatizo wengi walikosekana, hasa walioshuka kidogo. Kinachonitisha kwako ni kingine: anayetumia dawa ya kukojosha hupimwa mara nyingi zaidi, kwa hiyo huandikwa zaidi. Utailaumu dawa kupita inavyostahili. Anza na majibu ya maabara: sodiamu chini ya 135, kisha watenge walioshuka sana, chini ya 125. Halafu useme E87.1 imewakamata wangapi kati yao. Hiyo peke yake ni sura nzima ya tasnifu.

FundiMaabara: Angalieni na sampuli. Damu ikitolewa mkono wenye dripu ya dextrose (maji ya sukari), sodiamu inashuka kwenye karatasi tu. Sukari ikipanda sana nayo huishusha, kwa hiyo chukua na jibu la sukari la siku hiyohiyo.

Tasnifu_Inanikaba: Asanteni. Ila namba za faili za maabara hazifanani na za bima.

KaraniWaMadai: Jaribu namba ya kadi pamoja na tarehe ya kulazwa. Kibali cha maadili kiseme wazi kwamba unaunganisha, la sivyo hawatakufungulia.

Tasnifu_Inanikaba: Sawa mkuu. Desemba nimeisamehe.