Tupeane uzoefu: uliwahi kufika Rothenburg ob der Tauber, ule mji wa kale wenye ukuta kule Bavaria, Ujerumani? Nini kilikukuta?

Mzawa wa Kirumba
Habari zenu wakuu. Asubuhi hii jamaa yangu kaweka kwenye status picha ya kile kinyumba chembamba cha njano pale njia panda ya Plönlein, mnara mmoja juu kushoto, mwingine chini kulia. Nikakumbuka usiku wangu wa Steinach. Tupeane uzoefu, maana humu tumo wengi wa Würzburg, Nürnberg na Bayreuth, na kila mgeni anayetoka nyumbani anaomba apelekwe kule.

Changu ni hiki. Nilikuja Würzburg kusoma (sisi wa Mwanza tunapokelewa vizuri pale, miji yetu ina undugu tangu 1966). Treni ya Würzburg haikufikishi Rothenburg. Unashuka Steinach, unapanda kitreni kidogo, robo saa umefika. Novemba ile nilibaki kumsikiliza yule mlinzi wa usiku wa joho jeusi, mwenye taa na mkuki. Anaanza saa 2 usiku pale Marktplatz, uwanja wa katikati ya mji, anawatembeza vichochoroni akisimulia tauni na vita, na mimi hadithi nzuri hainiachi niondoke. Kitreni cha kurudi nikakipata, lakini kilichelewa. Nashuka Steinach, naona taa nyekundu za treni ya Würzburg zinaishilia gizani. Kituoni hapakuwa na mtu wala duka lililo wazi. Nilitembea jukwaani kwenda na kurudi hadi alfajiri, nimevaa soksi mkononi kama glavu. Nani mwingine?

Mama Pendo
Umenikumbusha mbali. Steinach! Mimi nilikaa saa moja na nusu tu na ile baridi bado naijua.

Mtanga wa Hamburg
Afadhali nyie mlifika. Mimi nilitafuta kwenye simu, nikaona Rotenburg, safari fupi kabisa kutoka Hamburg, nikamwambia mke wangu kumbe ni karibu hivi. Nikanunua tiketi nne, watoto wakabeba chapati na mayai. Tukashuka, nikamuuliza mzee mmoja ukuta wa zamani uko upande gani. Akanitazama kwa huruma, akaniambia mwanangu, hapa ni Rotenburg ya Wümme, unayoitafuta iko Bavaria. Herufi h moja tu! Na iko nyingine kando ya mto Fulda, na Rottenburg ya Neckar yenye t mbili. Andikeni jina lote, "ob der Tauber", mpaka mwisho. Siku ile tulikula chapati zetu kwenye benchi la kituo na mke wangu hakunisemesha hadi Jumanne.

Kijana wa Bujumbura
Pole sana kaka. Mimi nilipigwa faini ya euro 60. Ile tiketi ya siku moja ya Bavaria nzima, siku za kazi inaanza saa 3 asubuhi. Mimi nilipanda saa 3 kasoro robo. Mkaguzi hakutaka kusikia.

Fundi Saa
Samahani kwa mtakaochukia, ila ule mji ni maigizo. Kila nyumba duka la zawadi, kila duka mapambo ya Krismasi hata mwezi wa saba. Na nusu yake ilijengwa upya baada ya vita. Mnapiga picha vitu vya juzi mnasema vya kale.

Mwalimu wa Bayreuth
Mkuu Fundi Saa, hapo umechanganya. Ni kweli ndege za Marekani ziliupiga tarehe 31 Machi 1945, na karibu asilimia 40 ya mji iliharibika. Lakini mabomu yaliangukia zaidi upande wa mashariki. Kanisa la St. Jakob limesimama, Plönlein imesimama, mitaa ya kuelekea bustani ya Burggarten ni ileile. Na usingebaki hata huo kama si John McCloy, msaidizi wa waziri wa vita wa Marekani. Alikuwa ameusikia mji ule tangu kwa mama yake, akazuia usipigwe mizinga, ukajisalimisha Aprili. Walichojenga upya walikijenga kwa mtindo uleule kwa makusudi. Nyumba ya babu ikiungua ukaijenga vilevile, utaiita maigizo?

Fundi Saa
Kwa nyumba ya babu sitozi watu hela.

Mwalimu wa Bayreuth
Kutembea juu ya ukuta ni bure. Ulilipa nini?

Fundi Saa
Choo, kahawa, na kale kadonge ka unga wanakokaita Schneeball. Jiwe tupu.

Baharia wa Kibokoni
Hapo kwa Schneeball naomba nisimame mimi wa Mombasa. Ile si jiwe, ni ukoo wa visheti vyetu! Unga umekatwa utepe, umeviringwa, umekaangwa, umenyunyiziwa sukari. Kosa lenu mnaing'ata kama tufaha. Ivunje ndani ya mfuko wake wa karatasi, kisha ule na chai, kidogo kidogo. Mimi nilibeba kumi na mbili.

Mama Pendo
Visheti vina iliki. Ile haina kitu.

Dada wa Songea
Naomba niandike yangu. Ni ndefu, mnivumilie.

Mama yangu alikuja Juni 2019, ana miaka 68. Amekulia jirani na Peramiho, kasomeshwa na masista, kwa hiyo jina Bavaria kalijua kabla hajaijua Dar es Salaam. Kwanza alitaka St. Ottilien, kule walikotoka wamisionari wale, tukaenda. Rothenburg nilimpeleka apumzike tu, aone mji wenye ukuta.

Saa 5 asubuhi tulikuwa Marktplatz. Umati umesimama unaitazama ile saa, vidirisha vifunguke, huku atokee Jenerali Tilly, huku meya Nusch na kombe lake. Hadithi mnaijua: 1631 Tilly kauteka mji, kasema akipatikana mtu wa kunywa lita 3 na robo za divai kwa mkupuo mmoja atausamehe, na meya akanywa. Nikainua simu kurekodi. Nikageuka kusema "mama, umemwona?" Mama hayupo.

Simu yake ilikuwa kwenye mkoba wangu. Kijerumani chake ni salamu ya "Grüß Gott" basi. Nikajisemea atakuwa kanisani tu, nikakimbilia St. Jakob, nikapanda ngazi hadi kule juu kwenye altare ya Damu Takatifu, ile ya mchongaji Riemenschneider, watu wanatoka duniani kote kuiona. Sikuona altare. Niliona migongo ya watu, na hakuna aliyevaa kitenge cha kijani. Nikashuka Plönlein, nikarudi, nikaenda Burggarten, nikachungulia bondeni kwenye mto Tauber na mawazo mabaya yakaniingia, siwezi kuyaandika. Mwenye duka moja la mikoba akanikalisha, akanipa maji, akawapigia polisi. Anauliza mama ana urefu gani, nami nashindwa hata urefu wa mama yangu mzazi.

Saa 9 mchana ndipo alipopatikana. Alikuwa juu ya ukuta.

Umati ulimbana, akasogea apate hewa. Akawaona wazee wa Kijapani wanatembea polepole kama yeye, akawafuata, wakapanda ukutani pale Rödertor, lango la mashariki. Kumbe walikuwa wanatafuta jina. Mnajua yale mawe yaliyopachikwa ukutani, majina ya waliochangia kuujenga upya baada ya bomu? Wakalipata lao, wakapiga picha, wakashuka. Mama akabaki anasoma mengine. Alipotaka kushuka ngazi zikamtisha, zimesimama na mawe yamesagika, akawa anaiacha hii anaifuata ya mbele. Ule ukuta unatembeleka zaidi ya kilomita 2! Nilimkuta upande wa Spital, kusini kabisa, ameketi chini ya paa la mbao, viatu amevua, kitenge amejifunika magoti. Akaniambia, "Nimehesabu mawe mpaka mia mbili na kumi hesabu ikanipotea. Sijaona la Songea. Mbona umechelewa?"

Nilikaa pale chini nikalia mpaka yeye ndiye akawa ananibembeleza.

Mama Pendo
Jamani. Pole dada yangu. Nimesoma mwili umenisisimka.

Mzawa wa Kirumba
Pole sana dada. Usiku wangu wa Steinach naufuta, haukuwa kitu. Mama mzima?

Dada wa Songea
Mzima wa afya, yuko Songea. Kila mgeni akija anamweleza habari za ukuta.

Mtanga wa Hamburg
Ushauri: mgeni mzee mwandikie karatasi yenye namba yako, aiweke kifuani. Na simu ashike mwenyewe.

Kijana wa Bujumbura
Karatasi itapotea. Kubalianeni mahali pa kukutana tangu asubuhi, basi.

Baharia wa Kibokoni
Mzee akikushika mkono hapotei. Weka simu mfukoni, hiyo saa ya meya inarudi kila baada ya saa moja.

Mwanamke Mchapakazi
Nami niongeze la jumba la makumbusho ya adhabu, Kriminalmuseum. Msiwapeleke watoto wadogo. Binti yangu wa miaka saba aliona vile vinyago vya chuma vya kuwaaibisha wanawake waliosema sana, hakulala siku mbili. Kuna na kizimba walichomtia mwokaji aliyepunguza uzito wa mkate, wakamtumbukiza majini.

Fundi Saa
Hicho kizimba kiletwe nyumbani, mikate imekuwa miepesi kama sifongo. Na dada wa Songea, pole. Sikujua yale mawe yana maana hiyo, niliyapita tu.

Mzee wa Nürnberg
Moja la muhimu. Ukifika pale usimwambie mwenyeji "nyie Wabavaria". Ule ulikuwa mji huru wa dola, Bavaria imeuchukua 1802, na wao ni Wafrankoni, watu wenye jadi yao. Mimi nimeoa huko, najua ninachosema. Nililala sebuleni.

Mama Pendo
Wa Coburg, mji mwingine wa huku Bavaria, mpo? Mbona kule mtu mweusi yuko hadi kwenye mifuniko ya mitaro? Nilichukia sana.

Mwalimu wa Bayreuth
Yule ni Mtakatifu Maurisi, msimamizi wa mji, ndiye nembo yao. Wanazi walimwondoa 1934 wakaweka upanga na swastika, akarudishwa 1945.

Mama Pendo
Kurudishwa sawa, lakini ile midomo walivyoichora! Na tunamkanyaga.

Mwalimu wa Bayreuth
Hapo kwenye midomo sikubishii. Tuifungulie uzi wake.

Mzawa wa Kirumba
Turudi Rothenburg. Kulala au kurudi siku hiyohiyo?

Kijana wa Bujumbura
Rudi. Vyumba ghali.

Mzee wa Nürnberg
Lala. Mabasi ya watalii yakiondoka jioni mji unabaki wako, unasikia viatu vyako mwenyewe kwenye mawe.

Mwanamke Mchapakazi
Nenda Desemba, soko la Krismasi.

Mtanga wa Hamburg
Desemba usithubutu. Hapapitiki.

Baharia wa Kibokoni
Nimerudia tena ile habari ya mama. Michango ya ukuta bado wanapokea, unachangia mita, wanaweka jina. Tukichanga humu, mama wa Songea atapata jiwe lake.

Mzawa wa Kirumba
Naunga mkono. Ila liandikwe Mwanza pia.

Baharia wa Kibokoni
Mwanza mna undugu wenu na Würzburg, tuachieni hili.

Dada wa Songea
Nimempigia mama sasa hivi nimemsomea yote. Amecheka, anawashukuru, anasema Mungu awabariki. Jiwe hataki tena. Anasema hiyo hela wawekeeni wazee kamba ya kushikia kwenye ngazi ya tatu kutoka Rödertor.