Wiki nzima na BBC Radio 3: mtu wa kwaya na Msondo nianzie kipindi gani?

Mlalo_Juu

Wakuu salaam. Nipo huku Manchester nafanya kazi ya kulea wazee, shifti nyingi za usiku, na kuna bibi mmoja pale kazini redio yake haizimwi, ni BBC Radio 3, ile ya muziki wa klasiki wa Kizungu, mchana na usiku, sasa na mimi mdogo mdogo naona nanogewa. Shida ni kwamba kila nikiingia chumbani nakuta kitu kiko katikati, kinanikolea, nasubiri nisikie ni cha nani, mtangazaji anamwaga majina manne ya Kijerumani kwa mkupuo, kashahamia kingine. Wiki ijayo nina likizo na sina pa kwenda, nataka nikae nayo Jumatatu mpaka Jumapili kama mtu anayefuata ratiba ya shule. Muziki wangu mimi ni kwaya ya kanisani na Msondo, sijasoma nota, solfa ndio naijua. Nianzie wapi na kipi niruke?

Swali la pembeni: redio nayo inalipiwa leseni au ni tivii tu?

TenaWaPili

Mkuu karibu chamani. Nianze na leseni, ni ya tivii na iPlayer (vipindi vya tivii vya BBC mtandaoni), redio peke yake hulipii kitu, leseni ya redio walishaifuta toka 1971. Kaa kwa amani.

Sasa wiki yako. Mhimili uwe Composer of the Week, Jumatatu mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Wanachukua mtunzi mmoja wanakaa naye siku tano, alizaliwa wapi, nani alimdhulumu, alimpenda nani, akaandika nini hapo, halafu wanakupigia hicho kitu. Kipindi ni kizee kuliko hata Radio 3 yenyewe, kimeanza 1943 wakati wa vita, Donald Macleod anakitangaza toka 1999 na siku hizi anapokezana na Kate Molleson. Uzuri wake ni kwamba ikifika Jumatano unaanza kumjua mtu, ukisikia tungo mpya unasema huyu ni yule yule wa jana. Hicho ndicho unachokosa ukiingia katikati.

Kama umetoka kwaya basi Jumatano alasiri usiguse chochote, kuna Choral Evensong, wanarusha sala ya jioni laivu, mara nyingi toka kanisa kuu fulani, wiki hii hapa wiki ijayo kwingine. Ya kwanza ilirushwa Westminster Abbey tarehe 7 Oktoba 1926. Kama wewe ni Mwanglikana utajikuta unajua kinachofuata, Zaburi, Wimbo wa Mariamu, Wimbo wa Simeoni, maneno ni yale yale ya kwetu ila sauti ya kwanza wanaimba watoto na ogani iko chini inanguruma. Mimi naisikiliza na daftari, naandika besi wanavyotembea. Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa anatugombeza tupumue pamoja, pale ndio nilielewa alikuwa anataka nini.

shangazi_wa_Kisutu

Mimi huo muziki nikiusikia redioni nauliza kwanza nani kafariki 😂😂 ila endeleeni nawasoma

Fidla_Kavu

TenaWaPili kaongea vizuri ila mimi napinga hiyo habari ya ratiba. Mtu anafanya shifti za usiku unampa kipindi cha saa kumi jioni cha nini? Mlalo_Juu wewe una bahati moja wengine hatuna, uko macho usiku. Saa sita na nusu usiku mpaka kumi na mbili na nusu asubuhi kuna Through the Night. Masaa sita. Maongezi kidogo sana. Wanachukua konsati zilizorekodiwa na redio za taifa za nchi nyingine za Ulaya, maana hizi redio zina umoja wao zinabadilishana rekodi, kwa hiyo usiku mmoja uko Warsaw unahamia Lugano mara Oslo. Okestra ambazo huwezi kuzisikia popote, na wanapiga tungo nzima kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Na hapo ndipo ninapotaka kusema kitu. Vipindi vya asubuhi vya hiyo hiyo Radio 3 siku hizi vinakukatia vipande. Simfoni ina sehemu nne, wanakupigia ya pili peke yake kwa sababu ni tamu na fupi, halafu habari, halafu kipande cha filamu. Hiyo kazi ilikuwa ya Classic FM, ambao ni wa biashara, walianza 1992, wana matangazo, sawa, wao wanatafuta hela. Redio ya umma inayolipiwa na wananchi kwa hiyo leseni ya tivii inakata simfoni ili iweje? Wangapi wataacha kusikiliza ikiwa dakika 40?

TenaWaPili

Fidla_Kavu na wewe unakazana sana. Mtu anayeendesha gari kwenda kazini saa moja asubuhi ana dakika ishirini, ukimuwekea simfoni ya Mahler kuanzia mwanzo anafika kazini sehemu ya kwanza bado haijaisha. Kipande ni mlango tu. Mimi mtunzi Dvořák nilimjua kwa kipande cha asubuhi nikaenda kumtafuta mzima mwenyewe. Kinachonikera mimi ni kutokutaja jina vizuri baada ya kupiga, hicho kweli ni kero, lakini kwenye ukurasa wa kipindi wanaweka orodha ya vyote walivyopiga, Mlalo_Juu ingia pale utamkuta yule Mjerumani wako.

Mlalo_Juu

Aisee hiyo orodha sikuijua kabisa, ngoja nikague ya juzi usiku maana kuna kitu cha chelo, ile fidla kubwa ya kukalia kiti, kilinisimamisha mlangoni na trei mkononi. Fidla_Kavu umenipata kwenye shifti ila wiki hiyo ni likizo jamani nataka nilale usiku kama binadamu. Vipi wikiendi? Na je kuna watunzi weusi huko au ni wazungu tu mwanzo mwisho?

Bi_Mkanyageni

Mdogo wangu weusi wapo, na wapo zamani. Mtafute Samuel Coleridge-Taylor. Kazaliwa London 1875, baba yake daktari wa Sierra Leone, mama Mwingereza. Mwaka 1898 katoa Hiawatha's Wedding Feast, kwaya na okestra, ikawa moto Uingereza nzima, vyama vya kwaya mpaka vya miji midogo vinaiimba, yeye hela hakuiona maana haki alishaiuza moja kwa moja kwa bei ya kutupa. Kafa 1912 na miaka 37, nimonia. Baada ya hapo wenye kutunga wakaanza kudai walipwe kwa kila onyesho, na kisa chake kikawa kinatajwa sana. Wewe mtu wa kwaya anza na huyu.

Siku hizi redioni utasikia pia okestra ya Chineke!, iliundwa 2015 na Chi-chi Nwanoku mpiga dabo besi, wanamuziki wengi wao ni weusi na wa makabila mengine yaliyokuwa hayaonekani kwenye okestra za huko. Na Sheku Kanneh-Mason wa chelo, aliyeshinda BBC Young Musician 2016. Pengine ndiye aliyekusimamisha na trei.

Wikiendi: Jumamosi jioni opera, kama huna uvumilivu ruka, sikufichi, opera bila kuona jukwaa ni mtihani mpaka usome hadithi yake kwanza. Jumapili mchana usikose Private Passions, Michael Berkeley anamkaribisha mtu, anaweza kuwa daktari wa upasuaji, mwandishi, mpishi, anachagua nyimbo zake na kueleza maisha yake, toka 1995 kipindi kipo. Kwa mgeni ni kizuri sana kwa sababu anayechagua naye mara nyingi hana elimu ya muziki.

Jumatatu saa saba mchana kuna konsati laivu ya Wigmore Hall, piano peke yake au watu wanne wa nyuzi, saa moja tu. Ukumbi wenyewe ni mdogo, viti mia tano na kitu, ulijengwa 1901 na kampuni ya piano ya Wajerumani ya Bechstein, vita vya kwanza vikaja wakanyang'anywa, ndio ukabadilishwa jina. Anza wiki yako hapo.

Fidla_Kavu

Bi_Mkanyageni nakubali yote isipokuwa opera, opera iachwe ilivyo mtu alale nayo tu.

Ila kama tunaongelea WIKI, mwezi Juni 2005 hawa Radio 3 walifanya kitu ambacho leo sidhani kama wangethubutu, walipiga kazi zote za Beethoven ndani ya wiki moja. Zote. Sonata, mpaka vile vijitungo alivyoandikia marafiki kwa utani. Na simfoni zote tisa, okestra ya BBC Philharmonic chini ya kondakta Noseda, waliziweka mtandaoni watu wapakue bure, zikapakuliwa mara milioni 1.4, kampuni za kurekodi zikalalamika kwamba wanaharibiwa soko. Desemba mwaka huo huo wakampiga Bach wote kwa siku kumi. Na hiyo BBC Philharmonic iko hapo hapo kwako Mlalo_Juu, studio yao iko MediaCity Salford, huwa wanaruhusu watu kuingia kwenye rekodi, angalia tovuti yao. Ukimuona mtu anapuliza honi ana kwa ana hutarudi nyuma.

kijana_wa_Chumbageni

Na sisi tuliopo Tanga? Au hii mada ni ya wenye viza

Bi_Mkanyageni

Kijana, habari za kusikiliza BBC ukiwa nje zinabadilika badilika, sikutumi huko. Nenda WQXR ya New York, nayo ni redio ya umma toka 2009, inaishi kwa michango ya wasikilizaji, inasikika bure kwenye tovuti yao. Hao Jumamosi wanarusha laivu opera ya Metropolitan, jumba la opera la hapo New York, matangazo yaliyoanza 1931, msimu wao ukianza Desemba saa saba mchana ya kwao ni saa tatu usiku Tanga. Ukiwa na bando la usiku uko vizuri.

Mlalo_Juu

Basi nimeshapanga. Jumatatu saa saba Wigmore, saa kumi yule mtunzi wa wiki, Jumatano kanisani, Jumapili Private Passions. Opera nitajaribu nikishindwa nazima. Na nimecheki ile orodha, kitu cha chelo ni cha mtunzi Elgar. TenaWaPili kuna kitu chake cha kwaya cha sauti nne ambacho sio kigumu sana? Mwalimu wetu Lushoto anatafuta ya Pasaka.

TenaWaPili

Ave verum corpus yake. Fupi, solfa yake utaimaliza jioni moja, ila waambie soprano wasipige kelele.