Nimekabidhiwa ukatibu wa UMISSETA wilaya: mamluki nawazuiaje, na hela za michango zikae wapi?

Mwl_Chaki:

Wakuu, salaam. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, shule ya kata, kwenye halmashauri moja huku Nyanda za Juu Kusini. Kwenye kikao cha wakuu wa shule mtu akasema "kijana ana nguvu na kompyuta anaijua", nikapigiwa makofi, nikawa katibu wa kamati ya michezo ya sekondari wilaya. Aliyenitangulia kahamia mkoa mwingine. Kaniachia kaunta buku, mipira miwili ya netiboli isiyo na upepo, na namba ya simu ya mama ntilie anayetudai wali wa mwaka jana.

Kwa wasioujua mfumo wetu wa UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari Tanzania: shule zinachuana kwenye kanda, washindi wanakuja wilayani, hapo tunachagua kombaini (timu ya wachezaji bora kutoka shule mbalimbali) ya kwenda mkoani, na mkoa nao unaunda yake ya kwenda taifa mwezi wa sita. Soka, netiboli, wavu, kikapu, mikono, riadha, bao, pamoja na kwaya na ngoma. Kote huko mtu anatakiwa awe mwanafunzi; asiye mwanafunzi akichezeshwa ndiye tunamwita mamluki.

Sasa mwaka jana kwenye fainali ya soka ya wilaya nilikuwa pembeni ya uwanja naandika kadi. Beki namba nne wa shule moja, siitaji, kidevu chake kilikuwa kimenyolewa asubuhi ileile, kina vipele vya wembe. Nikamuuliza yuko kidato gani. Cha pili B. Mwalimu wa darasa lako nani? Akageuka kutazama benchi, mwalimu wake wa michezo akamjibia. Shule ile ina mkondo mmoja tu wa kidato cha pili, hakuna B wala C. Waliofungwa wakaleta malalamiko baada ya filimbi ya mwisho, kamati ikakaa mpaka usiku, ikaja na uamuzi kwamba "busara itumike". Kombe likaondoka na wenye beki.

La pili ni hela. Kila shule "inachangia", lakini nikifungua kaunta buku naona majina ya shule na alama ya vema tu. Hakuna kiasi, hakuna risiti. Nasikia nyingine zilituma kwenye simu ya katibu, nyingine zilileta mahindi. Mimi sitaki kustaafu nikiwa nafuatwa na wakaguzi kwa ajili ya wali.

Mashindano ya kanda ni mwezi wa nne. Nianzie wapi?

---

Refa_Mstaafu:

Mwalimu, hongera na pole kwa pamoja. Nimechezesha wavu kwenye mashindano haya miaka mingi, hadi taifa lilipokuwa Tabora 2023 nilikuwepo, na kamati za wilaya nimekaa zaidi ya moja. Nitakwambia nionavyo mimi, wengine watanirekebisha.

Tatizo lenu la fainali ile halikuwa beki. Tatizo ni kwamba uhakiki mliufanya baada ya mechi. Mpira ukishachezwa hakuna kamati yenye ubavu wa kumnyang'anya mkuu wa shule kombe mbele ya diwani. Uhakiki uishe wiki mbili kabla ya mpira wa kwanza kupigwa, orodha ifungwe, ibandikwe. Wape watu siku tatu za kupinga jina lolote kwa maandishi. Zikipita, pingamizi linalobaki ni moja tu: kwamba aliyeingia uwanjani siye aliye kwenye fomu. Hilo linamalizwa na picha, dakika mbili, kabla timu hazijapasha.

Na usiletewe makaratasi ofisini, nenda shuleni. Fomu yenye picha na muhuri inatengenezwa mchana mmoja stationery. Ukifika omba vitu vitatu: rejista ya udahili, namba ya PREM (ya usajili wa mwanafunzi) ya mtoto, na daftari la mahudhurio la darasa lake la mwezi wa pili. Hili la mwisho ndilo silaha yako. Rejista inaweza kuongezewa mstari, lakini daftari la mahudhurio linajazwa kila asubuhi na mwalimu wa darasa ambaye mara nyingi hajui hata kama kuna michezo. Mamluki wa mwezi wa nne hayumo kwenye mwezi wa pili. Wakimchomeka utamkuta yuko mwisho kabisa baada ya jina la Zuberi, kwa wino mwingine, na hajakosa shule hata siku moja. Mwanafunzi gani wa shule ya kutwa hajawahi kuugua?

Nani akahakiki? Kanda ya mashariki iikague ya magharibi, na ya magharibi iikague ya mashariki. Hawana sababu ya kuoneana aibu, watakutana wilayani. Mkuu wa shule asikae kwenye kikao kinachojadili shule yake, hata awe mwenyekiti.

Ila usije ukaona ndevu ukasema mamluki. Huku vijijini wapo walioanza darasa la kwanza wamechelewa. Na tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021, waliokatiza masomo wanaruhusiwa kurudi, wakiwemo mabinti waliopata ujauzito. Niliwahi kuona mpachikaji mzuri wa netiboli anawekewa pingamizi kwa sababu ana mtoto nyumbani. Yumo kwenye rejista, anakaa darasani, anafanya mitihani. Huyo ni mwanafunzi, aliyeweka pingamizi tulimrudisha akakae. Kadhalika uhamisho: kama barua imepitishwa na pande zote mbili na mtoto anasoma, mwacheni acheze, hata kama amehamia kwa shangazi yake mwezi wa kwanza na anapiga chenga.

Nimalizie na lenye uchungu. Mamluki sugu hawaletwi na shule, tunawatengeneza wenyewe kwenye kombaini. Shule ikibanwa vizuri wilayani, unakuta kwenye basi la kwenda mkoani kapanda kijana ambaye hakucheza kanda wala wilaya, "ameongezwa na wakubwa". Wakubwa wanataka kombe la mkoa. Wewe katibu ndiye unayesaini orodha ile. Andika kwenye kanuni zenu mapema, na kikao kipitishe: asiyecheza ngazi ya wilaya haendi mkoani. Ukiulizwa, unaonyesha muhtasari.

---

Bi_Hesabu:

Mimi nilikuwa mhasibu halmashauri, naingia kwenye hela.

Kwanza muelewe kwa nini wakuu wa shule wanakwepa kuchangia, siyo roho mbaya. Ruzuku ya uendeshaji kwa sekondari ni Sh 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na nusu yake inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule inaona 12,500. Chukua shule ya wanafunzi 400: ni milioni 5 kwa mwaka, kama laki nne na kumi na sita hivi kwa mwezi. Humo kuna karatasi za mitihani, chaki, umeme, ukarabati wa madawati, na michezo. Ukimwandikia mkuu huyo meseji "changia laki tatu kabla ya Ijumaa", unamwambia afunge mashine ya kudurufu.

Na wanafunzi usiwaguse. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, na hasa baada ya katazo la michango la Januari 2018, mkuu wa shule akirudisha mtoto nyumbani kwa kukosa elfu mbili ya UMISSETA kazi yake iko hatarini. Mzazi akitaka kutoa kwa hiari kuna utaratibu wake kupitia bodi ya shule na kibali. Usiuanzishe wewe.

Kinachowezekana ni hiki. Tengeneza bajeti halisi kabla ya kuomba chochote: watoto wangapi wanalala kambini, siku ngapi, kilo ngapi za mchele na maharage, kuni, wapishi, gari, waamuzi, dawa. Siku za mashindano ndizo zinazokula hela. Kila siku moja unayopunguza wilayani ni milo mitatu kwa kambi nzima. Netiboli na wavu zinaweza kumalizika kwenye kanda kwa siku moja, kwa nini mnawalaza watoto siku tano? Halafu peleka bajeti kwenye kikao cha TAHOSSA wilaya (umoja wa wakuu wa shule za sekondari), ijadiliwe, mchango upangwe kwa idadi ya wanafunzi, siyo shule kubwa na ndogo zitoe sawa. Muhtasari usainiwe. Mkuu wa shule akiwa na muhtasari na barua ya Mkurugenzi wa halmashauri, anaweza kulipa kutoka akaunti ya shule kupitia FFARS (mfumo wa serikali wa hesabu za shule) na akawa na kiambatisho cha hati ya malipo.

Hela iingie kwenye akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja, na wewe katibu usiwe mmoja wao. Simu yako isipokee hata shilingi. Akikwambia "mwalimu nimekutumia, utaiweka", mrudishie siku hiyohiyo.

Misaada ya mbunge au wafanyabiashara, omba vitu: magunia ya mchele, jezi, mafuta ya gari. Andika kwenye daftari la mali kilichoingia na kilichotumika. Jezi zikiisha mashindano zirudi, zihesabiwe, zifuliwe. Mnanunua jezi kila mwaka kwa sababu za mwaka jana zinaonekana sokoni.

Fuso ya kubebea watoto: hapana. Kama hela ya basi haipo, timu haiendi.

Huyo mama ntilie mlipeni kwanza. Mwaka huu atawapikia nani?

---

Mluhya_Halisi:

Nachangia nikiwa Kakamega, ambako tuliandaa michezo ya shule za Afrika Mashariki, FEASSSA, mwaka 2025. Huku Kenya chini ya KSSSA, chama cha michezo ya shule za sekondari, hatuna kombaini. Shule yenyewe hutoka zoni, ikapanda kaunti ndogo, kaunti, eneo, taifa, hadi Afrika Mashariki, ikiwa na jezi yake na wachezaji wake. Kwa hiyo lile la "kuongezwa na wakubwa" kwenye basi kwetu ni gumu kidogo.

Lakini msituonee wivu. Ujanja wetu uko kwenye uhamisho. Shule kubwa huvuna nyota wa shule ndogo, humpa nafasi ya bure, na karatasi zote ni halali kabisa, hata namba ya usajili ya mwanafunzi (UPI) inasoma shule mpya. Shule ndogo iliyomlea hubaki na goli tupu. Daftari la mahudhurio haliwezi kukamata hilo.

Kuhusu fedha, ruzuku yetu ya Sh 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka ilitenga Sh 1,500 za Kenya kwa shughuli za michezo na nyinginezo. Fungu lina jina, hivyo mwalimu mkuu hawezi kusema halipo. Anaweza tu kusema halijafika, na mara nyingi husema kweli.

---

Mwl_Chaki:

Nashukuru sana wakuu. Mzee wa wavu, hilo la daftari la mwezi wa pili nimelijaribu leo hapahapa shuleni kwangu kabla ya kwenda kwa watu. Timu yetu ya soka ina majina 18 kwenye fomu, kwenye madaftari nimewaona 17. Mwalimu wa michezo ameniomba tuongee pembeni. Nimemwambia tutaongea ofisini kwa mkuu.

Bi Hesabu, mkuu wangu amekubali bajeti iende kikao kijacho. Swali moja tu: ile barua ya Mkurugenzi, naiandikia rasimu mwenyewe nikaipeleke, au inapitia kwa Mkuu wa Divisheni ya Sekondari?

---

Bi_Hesabu:

Inapitia kwa Mkuu wa Divisheni. Andaa rasimu, ambatisha muhtasari na bajeti, Afisa Michezo naye aione. Ukiruka hatua itarudi, na utakuwa umepoteza wiki mbili ambazo huna.