Tupeane uzoefu: ni kitu gani kilikuonyesha kwamba siku zako zinahesabika?

Kisiki
Wakuu, habari za jioni. Kwamba tutakufa sote tunajua, lakini wengi tunajua kwa kusikia. Mimi naulizia siku uliyojua kwa macho yako. Ilikuwa kitu gani?

Naanza mimi. Mzee wangu alikuwa na Seiko 5, ile isiyo na betri, inajijaza yenyewe mkono ukicheza. Alianguka ghafla Jumatano jioni, Juni 2013, akitoka shambani. Hospitali hatukufika. Nilimvua saa, nikaiweka juu ya kabati chumbani kwake. Alhamisi alasiri tukazika. Usiku naingia kuchukua shuka za wageni, naisikia inagonga gizani. Saa za namna ile zikijaa hutembea saa arobaini hivi bila kuvaliwa. Kwa hiyo kilichokuwa kinaizungusha ni palizi ya mwisho ya mzee, naye yuko udongoni. Ijumaa mchana nimeikuta imesimama, saa sita kasoro kidogo, kidirisha cha tarehe 14. Hapo ndipo nililia, makaburini nilikuwa mkavu. Watu walidhani nimechelewa kuelewa. Labda ni kweli.

Bi Mkubwa wa Pangani
Pole mwanangu. Mimi naosha maiti wa kike huku kwetu, mwaka wa ishirini sasa. Watu hudhani kazi hii ndiyo inayokukumbusha kifo. Wala. Ukishazoea, akili iko kwenye kazi: majani ya mkunazi, karafuu maiti, vitambaa vitano vya sanda kwa mwanamke (mwanamume vitatu), na wanaume wako nje na jeneza wanakuharakisha wawahi alasiri.

Kilichonikamata ni hina. Mimi na wifi yangu tulipakwa pamoja harusini, Jumamosi, bakuli moja, mpakaji mmoja. Jumanne nikamwosha. Mikono yake na yangu ndani ya maji, wekundu uleule, hujui kidole cha nani. Ya viganjani ilififia baada ya wiki mbili. Ya kwenye kucha haitoki, husukumwa na kucha inavyoota. Kila nikikata naona mpaka umepanda: juu kwekundu, wifi alikuwa hai, chini kweupe, hayupo. Ilichukua karibu miezi mitano. Kipande cha mwisho, cha kidole gumba, nilikifukia chini ya mwasmini. Msinicheke.

Dereva wa Usiku
Mada nzito hivi mnaileta Jumapili usiku, kesho watu tuna kazi! Mimi ya hakika maishani nayajua mawili tu: mwenye nyumba atapiga simu, na luku itaisha usiku wa manane.

Katibu
Dereva, ongeza la tatu: zamu ya kuchimba kaburi. Mimi ni katibu wa chama chetu cha kufa na kuzikana, Morogoro. Nilijiunga 1998 nina miaka 27, mama alinilazimisha. Niliona ni mambo ya wazee wenye hofu. Tulikuwa watu 46, majina yameandikwa kwa umri, mimi karibu na mwisho. Mtu akifariki hatufuti jina, tunapiga mstari kwa rula na kalamu nyekundu, pembeni tarehe.

Mwaka juzi turubai lilichanika. Nikaambiwa nitafute risiti tujue tulinunua bei gani. Napekua, kumbe lile lilikuwa la tatu. Maturubai mawili tumeyachakaza kwa misiba yetu wenyewe! Nikarudi kwenye daftari kuhesabu majina yaliyo juu ya langu ambayo hayana mstari. Manne. Na siku hizi nikishika sepeto vijana wananinyang'anya, "mzee pumzika." Hilo neno liliniuma kuliko daftari.

Mtoto wa Voi
Nawasoma nikiwa Minneapolis. Mamangu alituacha Jumatatu moja ya Januari, saa kumi na moja alfajiri. Kakangu akanipigia papo hapo. Huku ilikuwa Jumapili saa mbili usiku, niko kwenye sinki naosha vyombo. Wakati wa baridi tunapishana saa tisa. Basi kila mwaka nyumbani wakifanya misa ya kumbukumbu, mimi mshumaa wangu nimeshauwasha jana yake. Nilimuuliza padri wa huku siku ipi ni sahihi. Akacheka, akasema Mungu hana saa ya ukutani. Jibu tamu, halikunisaidia. Cheti kinasema Jumatatu. Zile saa nne kabla Jumatatu haijafika kwangu, kwa mujibu wa karatasi mama alikuwa bado hai. Nilizimaliza nikitafuta tiketi ya ndege.

Mhaya wa Mwanza
Baba mdogo alikuwa na tiketi ya MV Bukoba, safari ile iliyozama 21 Mei 1996 ikiwa imeshakaribia Mwanza. Aliachwa bandarini Kemondo kwa sababu ya mkungu wa ndizi ambao haukufungwa vizuri. Sisi Mwanza tulishaanza matanga, simu za mkononi zilikuwa hazijafika kwetu. Akatokea siku ya tatu, na mkungu wake.

Kuanzia hapo umri wake aliuhesabu kwa 1996. Mwaka 2006 ukimuuliza ana miaka mingapi, anajibu kumi. Alikufa kwa presha, kitandani kwake, ana "miaka" ishirini na miwili. Mngetegemea mtu kama huyo aheshimu muda. Aliendelea kuchelewa kila mahali! Harusini kwangu alifika keki imeshaliwa.

Bi Mkubwa wa Pangani
Nimecheka na machozi. Kisiki, ile saa iko wapi?

Kisiki
Ninayo, Bi Mkubwa. Sijawahi kuivaa, maana nikiivaa itatembea, na mwendo utakuwa wangu. Juzi mwanangu wa miaka sita aliifungua droo, akaitingisha, ikaanza kugonga. Akaja nayo mbio kunionyesha. Ilikuwa inasema saa sita na nusu, na sisi tumeshakula chakula cha usiku. Nikamwachia.